Dawa za kila mwezi hapa Dodoma: maswali mnayotuuliza dirishani

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ni kusimama nyuma ya dirisha la dawa hapa Dodoma mjini. Wanaokuja ni watu wa Nkuhungu, Kikuyu na Ipagala, na wengine wametoka Bahi, Chamwino au Kongwa kwa gari la asubuhi. Maswali yenu yanafanana sana. Mengi mnayauliza mkiwa mmesimama, nyuma yenu kuna foleni, na mnaondoka kabla sijamaliza kueleza. Nimeyaandika hapa kwa nafasi. Nawalenga hasa watu wa dawa za kudumu: presha, sukari, kifafa, pumu, moyo, figo na afya ya akili.

Dawa zangu zinakaribia kuisha. Nije lini?

Njoo zikiwa zimebaki za siku 10. Usisubiri kidonge cha mwisho.

Hesabu hii niliielewa vizuri nilipoifanya kwa kalamu. Pakti nyingi za dawa za presha zina vidonge 28. Ukimeza kimoja kila siku na kununua pakti moja kila mwezi, kwa mwaka unakuwa umenunua pakti 12, sawa na vidonge 336. Mwaka una siku 365. Maana yake umekaa siku 29 bila dawa, na wewe mwenyewe unaapa kwamba hujawahi kuruka mwezi. Hujadanganya. Umepoteza siku mbili hapa na tatu pale, kati ya pakti kuisha na mshahara kuingia, au kati ya pakti kuisha na tarehe ya kliniki.

Baba yangu mzazi alipata kiharusi kwenye pengo la namna hiyo. Dawa zilimwishia kijijini. Alipokwenda kituoni aliambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo, akarudi, akaambiwa hivyo tena. Alikaa siku 11. Hakumwambia mtu kwa sababu alijisikia mzima. Presha ndivyo ilivyo, inapanda bila kuuma. Ndiyo maana mtu akija kwangu Ijumaa jioni akasema "nilimaliza juzi", naacha kila kitu na kumhudumia kwanza.

Kwa hiyo hesabu siku zako. Siku unayofungua pakti mpya, andika kwa peni juu ya boksi tarehe itakayoisha, kisha rudi nyuma siku 10. Hiyo ndiyo tarehe yako ya kuja. Siku 10 zinatosha hata kama dawa haipo na inabidi niiagize Dar es Salaam.

Kama unakaa upande ambao korongo likijaa magari hayapiti, kati ya Desemba na Aprili chukua za miezi miwili kwa mpigo ukiweza. Wakulima wa alizeti na zabibu wengi wananunua za miezi mitatu wakishauza mazao, na wanafanya jambo la maana. Angalia tu tarehe ya kuharibika kabla hujalipa.

Nije na nini?

Cheti cha daktari, daftari lako la kliniki na boksi la dawa unayotumia sasa, hata kama ni tupu.

Tafadhali usije na maelezo ya "kile kidonge cheupe, kidogo, cha duara". Nyuma yangu kuna dawa nyingi nyeupe, ndogo, za duara. Moja inashusha presha, nyingine inashusha sukari, na nikikosea kati ya hizo mbili nitakuumiza.

Kuna jambo na sisi wauzaji tunalaumiwa nalo kwa haki. Mtu akinunua vidonge vitano, karatasi ya dawa inakatwa kwa mkasi. Jina la dawa linabaki upande mmoja, tarehe ya kuharibika upande mwingine. Mteja anaondoka na kipande kinachong'aa kisicho na neno hata moja, na mwezi ujao analeta kipande hichohicho akisema "nataka kama hizi". Ukinunua kwa rejareja, dai bahasha yenye jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu na namna ya kumeza. Ni haki yako, usione aibu kusubiri tukiandika.

Cheti changu ni cha zamani. Bado kinafaa?

Inategemea dawa na hali yako. Kwetu hakuna utaratibu ambao daktari anaandika mara moja halafu famasi inaendelea kutoa yenyewe mwaka mzima. Kwa hiyo ukiniletea cheti cha zamani cha dawa ya presha, nitakupima kwanza. Nikikuta uko chini ya 140/90, miguu haijavimba na dawa ni ileile, mazungumzo yetu yatakuwa mafupi. Nikikuta 170 kwa 100 na cheti ni cha mwaka juzi, nitakuomba urudi kwa daktari, kwa sababu kuongeza dawa ileile iliyoshindwa kazi ni kula pesa yako.

Dawa za usingizi, dawa za maumivu makali zenye asili ya kulevya na baadhi ya dawa za afya ya akili, hizo ni cheti kipya, halisi, chenye muhuri na saini. Hapo usinibembeleze. Hata ukiwa jirani yangu siwezi.

Naweza kuagiza kwa simu?

Ndiyo, na natamani watu wengi zaidi wafanye hivyo. Unatuma picha ya cheti kwa WhatsApp, tunakujibu dawa ipo au haipo na bei yake, unakuja ukikuta imeshafungwa.

Picha ipigwe hivi: laza cheti mezani penye mwanga wa dirisha, pembe zote nne zionekane, jina na tarehe zisomeke. Ukikishika mkononi ndani ya daladala, miligramu 5 zinaonekana kama 50. Ongeza ujumbe mfupi wenye umri wa mgonjwa, dawa nyingine anazotumia, na kama ana mimba au ananyonyesha.

Kuletewa kwa bodaboda mjini kunawezekana kwa dawa za kawaida. Wa Kondoa au Mpwapwa tunawawekea kwenye basi, ila nataka namba ya simu ya anayepokea, na bahasha isikae mbele ya kioo cha dereva. Jua la kwetu mnalijua. Insulini siipandishi basi bila kiboksi chenye barafu, na barafu isiiguse chupa.

Naweza kumtuma mtoto, au jirani?

Mtu mzima, ndiyo. Mpe cheti na daftari, na wewe ukae karibu na simu nikupigie. Mtoto wa shule ya msingi usimtume. Atafika salama, ila maelezo yote niliyompa atayasahau kabla ya kuvuka barabara, na dawa za sukari zinazotembea kwenye mfuko wa mtoto mwenye njaa zinanitia hofu.

Nina bima. Kwa nini nilipe taslimu?

Kama una kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na dawa imekosekana hospitalini, usitoke mikono mitupu. Omba pale dirishani wakujazie fomu ya dawa, ile inayoitwa 2C, yenye saini na muhuri, uende nayo famasi yenye mkataba na Mfuko. Wengi wanaambiwa "hiyo hatuna, kanunue nje", wanatoa pesa yao mfukoni, halafu wanakuja kwangu na risiti wakiuliza kama nitawarudishia. Siwezi. Uliza kabla ya kulipa, na uliza famasi yenyewe kama ina mkataba, maana si zote.

Kadi za CHF, ule Mfuko wa Afya ya Jamii, tumezizoea kwenye vituo vya Serikali. Ukija nayo famasi binafsi jiandae kulipa.

Famasi na duka la dawa muhimu vina tofauti gani?

Famasi inasimamiwa na mfamasia na inaruhusiwa kuwa na dawa nyingi, zikiwemo zinazohitaji cheti. Duka la dawa muhimu, lile lenye nembo ya DLDM kwenye bango, linaendeshwa na mtu aliyepata mafunzo maalumu na lina orodha fupi ya dawa zilizoruhusiwa. Mpango huo ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na umewasaidia sana watu wa vijijini ambao famasi iko kilomita nyingi. Ila usitegemee kukuta huko kila dawa ya presha au ya moyo, wala insulini. Vyote viwili vinasajiliwa na Baraza la Famasi, na vyeti vinatakiwa kuwa ukutani mahali unapoviona. Visome.

Na duka la dawa si zahanati. Hatuchomi sindano, hatuweki dripu, hatulazi mtu.

Mwezi uliopita dawa ilikuwa ya njano, leo nyeupe. Mmenibadilishia?

Mara nyingi dawa ni ileile, kiwanda ndicho kilichobadilika. Kila dawa ina majina mawili. Kuna jina la kampuni, lile kubwa la kupendeza, na kuna jina la dawa yenyewe, lililoandikwa kwa herufi ndogo: amlodipini, losatani, metformini. Shika hilo dogo. Liandike kwenye jalada la daftari lako.

Hatari yake niliiona kwa mzee mmoja aliyekuja akiwa anayumba, miguu imevimba kama maandazi. Nikamwomba amwage mfuko wake mezani. Zikatoka boksi mbili, rangi mbili, majina mawili ya kampuni, na ndani yote ni amlodipini ya miligramu 10. Moja alipewa hospitali, nyingine alinunua mwanawe. Alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi, kwa uaminifu kabisa. Tangu siku hiyo, mteja yeyote mwenye dawa zaidi ya tatu namwomba amwage mfuko.

Kwenye bahasha mmeandika 1x2. Ndiyo nini?

Kidonge 1, mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni. 2x3 ni vidonge 2, mara 3 kwa siku. Najua wapo wanaosoma kinyume, na kwa kweli alama hiyo tuliibuni kwa ajili yetu sisi. Mwambie muuzaji akuandikie kwa maneno: "kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula".

Mara 3 kwa siku maana yake ni takriban kila saa 8. Asubuhi, mchana na saa kumi jioni haihesabiki, kwa sababu usiku mzima unabaki mtupu.

Nimesahau kumeza. Nimeze mbili kwa pamoja?

Hapana. Ukikumbuka mapema, meza. Ukikumbuka wakati wa dozi nyingine umekaribia, achana na ile iliyopita na uendelee na ratiba. Kwa dawa ya sukari kurundika dozi kunaweza kukuangusha barabarani.

Kama unasahau mara kwa mara, funga dawa na jambo usiloliacha. Mama mmoja wa Chang'ombe anaweka zake kwenye kopo la majani ya chai. Chai haijawahi kumpita.

Presha imeshuka, najisikia vizuri. Naweza kupumzika?

Imeshuka kwa sababu unameza. Usiache. Dawa kama atenololi na propranololi ukizikata ghafla, moyo unaweza kukurudia kwa nguvu kuliko mwanzo. Kama dawa inakusumbua, kizunguzungu, kikohozi kikavu kisichoisha, nguvu za kiume kupungua, njoo tuzungumze faragha. Tuna chumba. Daktari anaweza kukubadilishia, na hilo la tatu wanaume wengi wanaacha dawa kimyakimya kwa ajili yake bila kumwambia yeyote.

Nyumbani sina friji. Insulini nitaiwekaje na joto hili?

Chupa ambayo hujaifungua inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Uliyoanza kuitumia kwa kawaida inavumilia wiki 4 nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 30, lakini soma karatasi ya ndani kwa kuwa aina zinatofautiana. Oktoba na Novemba chumba chenye bati kinapita nyuzi 30 mchana, kwa hiyo juu ya kabati haifai.

Mtungi unafaa. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jaza mchanga, umwagilie maji asubuhi na jioni. Insulini iweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, kopo ndani ya chungu cha ndani, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Upepo mkavu wa Dodoma ndio unaofanya kazi: maji yanakauka kwenye udongo na kuondoka na joto. Haikufikishi nyuzi 8, kwa hiyo ni kwa ajili ya chupa unayotumia. Za akiba ziache kwenye friji ya kituo cha afya au ya ndugu, ukichukua moja moja. Usiweke kwenye sehemu ya kugandisha. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Kwenye karatasi ya dawa wamekataza zabibu. Kweli?

Swali hili sidhani kama linaulizwa mkoa mwingine kama hapa kwetu. Hapana, hawajakataza zabibu. Karatasi zile ni za Kiingereza, na tunda linalotajwa ni balungi, ambalo jina lake kwa Kiingereza limebeba neno la zabibu ndani yake. Balungi linaongeza nguvu ya baadhi ya dawa mwilini: nifedipini ya presha, baadhi ya dawa za mafuta kwenye damu, na dawa za waliopandikizwa figo. Zabibu za Hombolo kula, ila kama una sukari kula kiasi, maana ni tamu kweli.

Nina presha. Naweza kunywa dawa za maumivu?

Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha na kuumiza figo, hasa ukizimeza kila siku pamoja na losatani na dawa ya kukojoa. Wapo wanaokuja kila wiki kununua "ya mgongo", halafu wanalalamika presha haishuki. Anza na paracetamoli, na maumivu yakizidi wiki mbili kamwone daktari wa mgongo wako. Miti shamba nayo niambie. Sitakugombeza, nataka tu kujua kinachoingia tumboni.

Dawa za kifafa, za akili na za figo zinapatikana kwenu?

Baadhi. Wagonjwa wanaohudhuria Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili, ni vyema waendelee kuchukulia hukohuko, kwa sababu wanawafuatilia. Kifafa kisikatishwe hata siku moja, degedege linaweza kuja bila kukoma. Binti anayetumia valproeti na anafikiria kubeba mimba amwone daktari kabla, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiache mwenyewe.

Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018, na waliopandikizwa wanameza dawa maisha yao yote ili mwili usiikatae figo mpya. Dawa hizo hazikai kwenye kila duka. Kwenu ninyi siku 10 hazitoshi, nipeni taarifa wiki tatu kabla.

ARV na dawa za kifua kikuu mnauza?

Haziuzwi. Zinatolewa bure kwenye vituo. Anayekuuzia anakuibia, na huenda hata siyo dawa.

Naomba antibiotiki za siku mbili tu, nione kwanza.

Sitoi. Usugu wa dawa unazaliwa hapo.

Mwezi huu pesa haitoshi kwa dawa zote.

Niambie waziwazi, na uniambie kabla ya kuchagua mwenyewe. Watu wengi wanakata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi, au wananunua ile ya bei ndogo na kuacha ile iliyokuwa inawalinda. Nikijua uwezo wako naweza kukutafutia ya kiwanda kingine cha bei nafuu, kukupa zote za siku 10 badala ya moja ya siku 30, au kumpigia daktari wako abadilishe. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya Serikali. Anzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji.

Za mnadani ni bei rahisi. Zina shida gani?

Zimelala juani tangu asubuhi, hakuna anayejua zilikotoka, na ukidhurika hakuna wa kumrudia. Ukitilia shaka dawa yoyote, hata uliyonunua kwangu, tunza boksi lenye namba ya toleo na toa taarifa TMDA, mamlaka ya Serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba. Madhara ya dawa pia waambie.

Usiku mkifunga nifanyeje?

Uso umepinda, mkono mmoja hauinuki, ulimi mzito, kifua kinabana, au mwenye sukari anatetemeka na kuchanganyikiwa: usitafute famasi, nenda hospitali. Huyo wa sukari, kama bado anameza, mpe maji yenye sukari mkiwa njiani.

Mgonjwa wetu amefariki, dawa zake zimebaki. Tuzigawe?

Poleni sana. Msizigawe, wala msimpe jirani mwenye ugonjwa unaofanana, wala msizitupe chooni. Zileteni. Tunazitenga na kuzipeleka kuteketezwa kwa utaratibu. Sindano wekeni kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko.

Mwaka jana binti mmoja alileta mfuko wa marehemu mama yake. Ndani kulikuwa na boksi tatu na daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila siku mama alikuwa ameweka alama ya vema kwa peni, mbili asubuhi, moja jioni, hadi ile siku aliyolazwa. Nilipokea dawa. Daftari nilimrudishia binti, akaondoka nalo.